Mtoto Aliyejua Njia ya Miambani

Mwanangu alikuwa bado hawezi kutamka jina lake vizuri siku alipotuongoza njia ya kwenda mahali ambapo, kwa nilivyojua mimi, hakuwahi kufika.

Tulikuwa tumeshuka kwenye bajaji pale barabara ya vumbi inapoishia, nyuma ya rasi iliyo kusini mwa ghuba ya Kigoma. Mbele yetu kulikuwa na njia mbili za miguu. Moja ilipanda mlima uliochomwa moto na kubaki na visiki vyeusi, nyingine ilipinda kushoto na kupotea kati ya majabali mekundu. Mume wangu alikuwa anahangaika na simu, anatafuta picha aliyotumiwa na mwenzake wa kazini ili ajue tuanzie wapi. Mimi nilikuwa na kikapu cha chakula. Baba mkwe alikuwa nyuma yetu, ameinama, anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Mtoto akaniponyoka mkononi, akaifuata njia ya kushoto, akasimama, akageuka kututazama kama mwenye nyumba anayesubiri wageni wavue viatu.

"Uku," akasema. "Mama, uku."

Mume wangu akacheka. "Huyu akikua atatembeza watalii."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuhesabu mambo tangu asubuhi, na hili lilikuja juu ya mengine.

Sisi tunakaa Ujiji. Mimi nauza dawa kwenye duka moja mjini Kigoma, mume wangu ni fundi umeme, kwa hiyo siku za kazi nyumbani hatupo mpaka alasiri. Mama mkwe alipofariki, baba mkwe, mstaafu wa reli, alihamia kwetu na redio yake na kiti chake cha uvivu. Muda si mrefu dada aliyekuwa anatusaidia kulea akaolewa akaondoka, na mzee akasema hakuna haja ya kutafuta mwingine. "Nimelea mabehewa miaka yote ile, nitashindwa kamtoto kamoja?" Tulishukuru. Mke gani asingeshukuru? Mtoto akawa anashinda na babu yake, ananenepa, anajifunza maneno mapya kila wiki.

Ila maneno mengine sikujua anayatoa wapi. Maji alikuwa anayaita *mayi*. Nilidhani ni ulimi wa kitoto tu. Nikimrekebisha, "Sema maji," anarudia "mayi" kwa uhakika wa mtu aliyefundishwa. Na kila nilipofua nguo zake, kwenye mikunjo ya gauni na ndani ya viatu vyake vya plastiki nilikuta mchanga mwekundu. Udongo wa uani kwetu ni mweusi. Nilipomwuliza baba mkwe, alisema jirani amemwaga mchanga wa ujenzi na mtoto anachezea pale. Jirani ni kweli alikuwa anajenga. Nilipita siku moja kuangalia lile fungu la mchanga: lilikuwa jeupe. Nikarudi nyumbani. Mkwe hamfuati baba mkwe na mchanga kiganjani.

Basi siku ya pili ya Idi mume wangu akasema, "Kila mtu anapiga picha kule miambani, sisi tunakaa hapa hapa na hatujawahi hata kupaona. Twende na mtoto." Mimi nikafurahi, nikaanza kukanda chapati. Baba mkwe, ambaye siku zote ndiye wa kwanza kusema twende, akakataa. Mara jua kali. Mara kuna nyoka. Mara njia ni ya mawe, mtoto atachoka. Kiangazi kile kilikuwa kimekausha kila kitu, ni kweli, lakini nyoka alitoka wapi ghafla namna ile? Mume wangu alipomwambia, "Basi, baba, wewe pumzika, tutakwenda sisi," mzee akainuka palepale. "Hapana. Kama mnakwenda, na mimi nakwenda."

Nilipotoka nje kumwaga maji machafu nikamkuta nyuma ya jiko, mgongo kwangu, simu sikioni.

"Leo hapana," alikuwa anasema kwa sauti ya chini. "Leo si siku nzuri. Ego, ndiyo. Nitakueleza."

Aliponiona akaniuliza kama chapati zimeiva.

Na kule mwisho wa barabara, tulipokuwa tunashuka, yule dereva wa bajaji alimwangalia baba mkwe akasema kwa furaha, "Mzee, leo umekuja na familia nzima!" Baba mkwe akasema, "Umenifananisha, mwanangu." Dereva akatutazama sisi, akamtazama mzee, akawasha bajaji yake. Sijawahi kuona mtu akigeuza bajaji haraka vile.

Kwa hiyo mtoto aliposema "uku", mimi sikuwa na cha kucheka.

Tukamfuata. Ni mahali pa ajabu pale, sitakataa. Ziwa liko karibu kiasi kwamba unalisikia, lakini katikati ya yale majabali unajiona uko jangwani. Mwamba wote ni mchanga ulioshikana, mwekundu kwa chini, wa manjano katikati, umejipanga tabaka juu ya tabaka kama chapati ndani ya hotipoti. Upepo umetoboa matundu, mengine ya kuingia kidole, mengine ya kuingia mtu mzima akainama. Ukipitisha mkono, mwamba unakuachia punje nyekundu kiganjani. Nikazitazama zile punje. Nikajifuta kwenye kanga. Pimbi wawili walikuwa wamekaa juu ya jiwe wanatuangalia, wakatoweka.

Mtoto hakushangaa pimbi. Hakushangaa chochote. Kwenye jiwe moja la kuteleza aligeuka mwenyewe, akashuka kwa makalio, kama mtu aliyeonywa. Mbele kidogo akainama kwenye tundu la mwamba, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa kikombe cha plastiki cha bluu.

"Changu," akasema.

Mume wangu aliacha kupiga picha. "Ametoa wapi?"

"Watu wanatupa takataka kila mahali," baba mkwe akasema upesi. "Hebu lete hicho, mjukuu wangu, kichafu." Akanyoosha mkono. Mtoto akakificha kikombe nyuma ya mgongo na kumcheka, kama watu wawili wanaojua mchezo wao.

Nitasema ukweli wa nilichofikiria, maana ndicho kilichoniunguza. Sikumfikiria mzee kwanza. Nilimfikiria mume wangu. Fundi umeme hana ofisi. Leo yuko mtaa wa Mwanga, kesho yuko bandarini, na akisema yuko juu ya nguzo nani atapanda kuhakikisha? Nikajiuliza kama safari hii nzima ameipanga ili mtu fulani amwone mwanangu. Nikamtazama usoni. Alionekana mtu asiyeelewa kitu, lakini hata sura hiyo mtu anaweza kuivaa.

Njia ikatutoa ghafla kwenye kipande cha ufuo kilichofichwa na miamba pande mbili. Juu ya mawe bapa kulikuwa kumeanikwa dagaa, wanang'aa mpaka macho yanauma. Pembeni, chini ya mwamba uliochomoza kama baraza, mwanamke wa makamo alikuwa anabanika samaki wa migebuka kwenye jiko la udongo. Kitenge kimefungwa vizuri, kichwa kimesukwa upya. Alipotuona alisimama, akafuta mikono, na uso wake ukafungika.

"Hamjambo," baba mkwe akasema kwa sauti ya mtu anayesalimia ofisini. "Habari za hapa, mama?"

"Nzuri, mzee," yule mwanamke akajibu. "Karibuni. Muko wazima?"

Hapo ndipo mtoto alipopiga kelele ya furaha, akakimbia kwenye mchanga, akamkumbatia yule mwanamke miguu yote miwili na kuficha uso kwenye kitenge.

Mwanangu ni mwoga wa watu. Daktari akimgusa analia mpaka anabadilika rangi. Shangazi yake mwenyewe anambembeleza kwa pipi nusu saa kabla hajamkaribia. Nikamwona yule mwanamke akiinua mikono juu, hajui aiweke wapi. Mikono ilikuwa inataka kumbeba, naye anaikataza.

Nikatua kikapu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba."

"Huyu mtoto unamjua?"

Alimtupia baba mkwe jicho, jicho dogo tu, akarudi kwangu. "Hapana. Simujui. Batoto bote benyewe banapenda watu."

"Mayi," mtoto akasema chini, akinyoosha kikombe. "Mayi."

Na yule mama, kwa mazoea tu, mkono ukitangulia akili, akachukua kile kikombe, akainamisha dumu, akasema, "Pole pole, usimwage mayi." Kisha akasikia alichosema. Akabaki ameshika dumu.

Sote tulisikia. Mume wangu naye alisikia, maana yeye pia alikuwa akimrekebisha mtoto mezani. Ni Kiswahili cha watu wa asili ya ng'ambo, ambao wazazi wao walivuka kutoka Kongo. Nyumbani kwetu hakuna anayeongea hivyo. Nikainua macho, na chini ya ule mwamba, kwenye kigingi, nikaona sweta ya kijani iliyopotea tangu masika.

Nikamgeukia mume wangu. "Baba, nieleze."

"Nikueleze nini? Mimi mama huyu simfahamu! Wallahi simfahamu."

"Sweta ya mtoto inafanya nini pale?"

"Mimi nitajuaje?"

Sauti zetu zilikuwa zimepanda. Mtoto akaanza kukunja uso. Ndipo baba mkwe akasema, "Oya, hapana. Mwache. Niulize mimi." Akaketi juu ya jiwe, katikati ya dagaa, akiwaponda bila kujua.

Alieleza huku anatazama viatu vyake. Kwamba nyumba ilikuwa kimya mno asubuhi. Kwamba siku moja alimpandisha mtoto bajaji waje kununua samaki kwa bei ya ufukweni, na wakakaa kidogo, na siku nyingine wakakaa zaidi. Kwamba mama huyu ni mjane, mtu wa heshima. Kwamba alitaka kutuambia, lakini alimwogopa mwanawe, na aliogopa maneno ya watu, kwamba kaburi la mke halijakauka na yeye anatafuta mwingine.

"Ndiye wewe uliyepigiwa simu asubuhi?" nikamwuliza yule mama.

"Ni mimi. Alisema nisiwe hapa. Lakini dagaa nimeanika, nitawaacha na nani? Na kukimbia nikimbie kwa nini? Mimi si mwizi."

Mume wangu aliondoka akaenda akasimama upande wa pili wa mwamba, anatazama ziwa. Mama yake alikuwa hajamaliza mwaka. Nilitaka kumfuata nikashindwa, maana mimi nilikuwa na la kwangu, na halikuwa la ndoa. Mzee kupenda si dhambi. Lakini mtoto wangu alikuwa ameletwa hapa, maji haya hapa, kina chake hapo hapo mbele, mara ngapi sijui, na mimi nikiwa dukani nahesabu vidonge nikidhani yuko uani.

Chini ya kidevu cha mwanangu kuna kovu. Lilitokea siku moja niliporudi kazini nikamkuta amefungwa bandeji, na baba mkwe akaniambia ameanguka kwenye ngazi ya mlango wa jiko. Nililisafisha mwenyewe. Nakumbuka nilitoa punje za mchanga nikajiambia ni vumbi la nje.

"Baba," nikasema, na nilijitahidi sauti ibaki ya mkwe. "Hili kovu, alianguka wapi?"

"Si nilikwambia? Kwenye ngazi ya jiko."

Alijibu bila kusita. Alikuwa ameshakiri mengine yote, ameshakuwa mwepesi, na bado akajibu hivyo, ananitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Yule mama akaweka chini koleo la moto.

"Alianguka hapa," akasema.

"We, mama!" baba mkwe akamkatiza.

"Hapana, mzee, acha niseme, mimi pia nimezaa." Akanigeukia. "Alianguka pale, kwenye lile jiwe mwenye kuteleza. Mvua ilikuwa imepita. Mimi nilikuwa nageuza samaki, mzee alikuwa amesinzia. Damu ilitoka sana. Nilimfunga na kitambaa changu, nikamwambia mzee, enda umwambie mama yake. Akasema ndiyo. Tangu ile siku, akija hapa namufunga mugongoni. Nikiwa na kazi namufunga mugongoni. Uliza yeye."

Hakuwa na haja ya kusema hilo la mwisho. Mtoto alikuwa tayari amezunguka nyuma yake, anavuta kitenge, anadai kubebwa.

Sikuwa nimewahi kumwona mwanamke yule kabla ya hapo. Baba mkwe ndiye aliyenipokea siku ya ndoa yangu, ndiye aliyemwadhinia mwanangu sikioni. Na kati ya wawili hao, mgeni ndiye aliyeniambia ukweli wa damu ya mtoto wangu, akijua unamharibia. Niliusikia moyo wangu ukihama upande, sikupenda, lakini ulihama. Nikamkagua mtoto pale pale mchangani, nikamvua gauni, nikatazama mgongo, miguu, kichwa kwenye nywele. Hakukuwa na lingine. Yule mama alisimama akasubiri, hakukasirika.

"Ningekuwa mimi pia ningetazama," akasema.

Chapati zangu hazikuliwa. Mtoto alikula ugali na mgebuka kwenye mkono wa yule mama, amekaa kwenye jiwe lake alilolizoea, na mimi sikumzuia ila sikuonja. Mume wangu aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alimsalimia yule mama, shikamoo ya baridi lakini ya kutosha, akambeba binti yake begani, tukaondoka. Njiani baba mkwe alitembea mbele peke yake, na niliona jinsi alivyojua kila jiwe la kukanyaga.

Nyumbani ndipo maneno yalipotoka, lakini si yangu. Mume wangu alifunga mlango wa sebule akaongea na baba yake, na mimi nikakaa jikoni na mtoto. Nilisikia sentensi moja tu. "Mwanamke ningekusamehe siku hiyo hiyo, baba. Umenifundisha kusema kweli kwa fimbo." Baada ya hapo redio haikuwashwa siku nyingi.

Mtoto nilimhamishia kwa mwanamke anayelea watoto karibu na duka langu. Baba mkwe hakupinga. Alikonda kidogo. Kila Ijumaa alivaa kanzu, akatoka, akaaga wazi wazi anakokwenda, hata kama hakuna aliyemwuliza, na kuna siku alirudi na samaki, akawaweka mezani bila maelezo. Mimi niliwapika. Kwa muda mrefu mume wangu alikula mboga za majani.

Mwishowe ni yeye mume wangu aliyesema tumalize. Walioana kabla ya Ramadhani iliyofuata, sebuleni kwetu, shekhe na mashahidi na majirani wachache. Mume wangu alikaa karibu na mlango, lakini ilipoombwa dua aliitikia kwa sauti. Yule mama akahamia na sufuria zake na cherehani. Namwita mama. Kwake naweza kumwacha mtoto, na nikirudi kazini ananipa habari zote bila kuzipangusa: leo amelia sana, leo amekula mchanga, leo nilimchapa kidogo kwa sababu alishika moto. Nyingine zinaniudhi. Nazipokea hivyo hivyo.

Baba mkwe namheshimu kama zamani. Namwamkia wa kwanza, namwandalia wa kwanza. Ila kitu chochote kinachomhusu mtoto simwulizi yeye, na nadhani amekwisha kugundua.

Wiki iliyopita, tukiwa tunakula, alisema anataka kupanda boti kwenda Kagunga, kumsalimia rafiki yake wa zamani wa reli, anaumwa. Atalala huko siku mbili tatu. Mume wangu akasema, "Sawa, baba, mpe pole." Nikaacha kutafuna. Reli haijawahi kufika Kagunga, lakini mstaafu anaweza kuhamia popote.

Nikainua macho kumtazama mama. Yeye alikuwa ameshaanza kunitazama.